Maji ya Ngarambe na Risasi za Boma: Kuisoma "Kinjeketile" Tukiwa Moshi

Mwanafunzi yeyote aliyewahi kuisoma tamthilia ya Kinjeketile shuleni anaweza kukutajia dhamira zake hata akiwa usingizini: ukombozi, umoja, uonevu wa mkoloni, nafasi ya kiongozi katika jamii. Mwulize maji ni nini, atakujibu bila kupepesa macho kwamba maji ni ishara ya umoja. Jibu hilo hupata alama. Mwalimu analipenda, msahihishaji analipenda, na vitabu vya mwongozo vimelichapa mara nyingi hata limekuwa kama sehemu ya tamthilia yenyewe. Makala haya hayasemi kuwa jibu hilo ni uongo. Yanasema kuwa limetuziba macho tusione kitu kikubwa kilichomo ndani ya kazi hii, yaani watu wenye imani wamesimama upande mmoja, dola yenye bunduki imesimama upande wa pili, na katikati yao yupo mtu mmoja aliyelizaa neno ambalo hawezi tena kulizuia.

Ebrahim Hussein aliitoa Kinjeketile mwaka 1969, na mwaka uliofuata akatoa tafsiri yake mwenyewe kwa Kiingereza. Muktadha wake tunaujua. Azimio la Arusha lilikuwa na umri wa miaka miwili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimeanza kukusanya masimulizi ya wazee wa kusini kuhusu Vita vya Maji Maji, kazi ambayo jina la Gilbert Gwassa haliwezi kutengwa nayo. Taifa changa lilihitaji babu wa kujivunia, na babu huyo alipaswa kuwa mtu wa umoja. Nabii aliyepandwa na pepo mtoni hakuwa babu anayefaa sana katika mikutano ya siasa. Basi wahakiki wakafanya kile ambacho wahakiki wa wakati ule walikifundishwa: dini wakaivua kama koti, wakalitundika msumarini, wakabaki na siasa. Maji yakawa "mbinu", imani ikawa "chombo cha kuhamasisha umma". Sisi tuliokuja baadaye tumelikuta koti bado linaning'inia na hatujawahi kuuliza ni la nani.

Hebu tuliteremshe.

Kwanza tutenganishe watu wawili. Yupo Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mtu wa historia, na yupo Kinjeketile wa jukwaani. Mwandishi mwenyewe ameonya katika utangulizi kwamba huyu wake ni kiumbe cha sanaa. Wengi tunaliruka onyo hilo, tukaandika mtihani kana kwamba tamthilia ni ripoti ya wilaya. Mtu wa historia alipandwa na Hongo, akaingia katika dimbwi la mto, watu wakamhesabu kuwa amekufa, akatoka siku ya pili akiwa mkavu. Mahujaji walianza kumiminika Ngarambe kutoka kila upande, wakaenda kuchukua maji. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba, na vita vikaanza. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani wakamnyonga Kinjikitile huko Mohoro. Tarehe 30 Agosti wapiganaji waliivamia boma ya Mahenge, wakaenda moja kwa moja kwenye bunduki za rasharasha, wakaanguka kwa mamia.

Zitazameni tarehe hizo tena. Mtu wa historia alikufa wiki tatu na zaidi kabla ya Mahenge. Hakuiona maiti hata moja ya wale walioamini kuwa risasi itageuka maji. Kama alikuwa na shaka, hakuna aliyeiandika. Kama alikuwa na imani kamili, alikufa nayo ikiwa nzima. Hussein anafanya nini? Anamwacha hai. Anamvusha upande wa pili wa mauaji ya bomani, anamtia gerezani, kisha anamletea Kitunda amwambie yaliyotokea. Hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote aliyoyafanya msanii katika historia, na kwa maoni yangu ndilo linaloifanya kazi hii kuwa tanzia. Mtu wa Mohoro alinyongwa na Wajerumani tu. Huyu wa jukwaani amekwisha kunyongwa mara moja, na wafu wake, kabla kamba haijafika.

Sasa mtaniuliza, kwa nini mambo haya yasomwe kutoka Moshi, mji ambao vita vya maji havikuufikia kabisa? Nina sababu mbili. Moja ni ya juzi, nyingine ni ya zamani.

Ya juzi ni hii. Jioni ya tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo, waumini walikusanyika katika ibada iliyoongozwa na Mtume Boniface Mwamposa. Walipoambiwa wapite wakanyage mafuta ya upako, wakasukumana kuelekea mlangoni. Watu 20 walikufa, wengine wakajeruhiwa. Hapakuwa na boma pale, wala bunduki. Serikali ilifika baadaye, ikamkamata mhubiri na kuzungumza habari za utaratibu na milango. Kwa hiyo sisemi kuwa Majengo ni Mahenge. Ninachotaka kukumbusha ni maneno yaliyofuata mjini, kwenye daladala na vibandani na, nasikitika kusema, katika mabweni ya wasomi. Neno lilikuwa moja: wajinga. Eti watu wazima wanakimbilia mafuta! Mwenzetu mmoja katika semina alisema wazi kwamba mtu anayekufa kwa ajili ya mafuta hana tofauti na yule aliyekufa kwa ajili ya maji yaliyochanganywa na mtama. Kisha, dakika kumi baadaye, mwenzetu huyohuyo akasimama kuwasifu mashujaa wa Maji Maji kwa umoja wao. Hakuona mgongano wowote. Na kwa nini auone? Miongozo imemfundisha kuwa mashujaa wale hawakuamini kweli. Walikuwa wameungana tu, na maji yalikuwa kamba ya kuwafungia pamoja.

Lakini waliamini, jamani. Ndiyo maana walikwenda wima.

Hapa mlimani tunalo jani la isale. Mchagga anajua, na asiye Mchagga aliyekaa huku anajua pia: mtu aliyekukosea akija na isale mkononi, huwezi kumfukuza. Jani lenyewe ni jani tu, mbuzi anaweza kulitafuna. Nguvu yake ipo kwa sababu aliyelileta na aliyeletewa wote wawili wanaikubali. Hakuna mhakiki aliyewahi kuliita isale "mbinu ya kuhamasisha upatanisho". Tunalichukua kama lilivyo, kitu kitakatifu kinachofanya kazi. Basi maji ya Ngarambe nayo yalifanya kazi kwa namna hiyohiyo kati ya Mmatumbi na Mngindo, kati ya Mrufiji na Mkichi. Yaliondoa uhasama wa zamani kwa sababu pande zote ziliyanywa. Tatizo ni kwamba risasi haikuwa mshiriki wa mapatano hayo. Haikuyanywa. Hapo ndipo kosa la kusema "maji ni umoja" linapoonekana: umoja ulikuwa kweli, kinga haikuwa kweli, na vyote viwili vilikaa ndani ya kibuyu kimoja. Huwezi kumwaga kimoja ukabakiza kingine. Kinjeketile wa Hussein analijua hilo, na ndiyo maana anahangaika.

Tuje kwenye sababu ya zamani. Mlima huu nao ulipambana na Wajerumani, ila bila maji. Sina wa Kibosho alishindwa mwaka 1891. Meli wa Moshi, mwana wa Rindi, aliwapiga Wajerumani mwaka 1892, na kamanda wao von Bülow akafa. Mwaka uliofuata wakarudi na nguvu kubwa wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900, Moshi ya Zamani, Meli alinyongwa pamoja na viongozi wengine, wakiwemo Molelia wa Kibosho na Ngalami wa Siha, jumla yao 19. Nyuma ya mashtaka hayo kulikuwa na fitina za mamangi wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja akipeleka maneno kwa bwana mkubwa ili mwenzake aangushwe. Yeyote anayesema kuwa maji hayakuwa na maana yoyote na aje hapa atazame mlima usio na maji ulivyopigwa himaya moja baada ya nyingine. Kwa hiyo wanaosema "maji ni umoja" wana hoja, nami sitaki kuwanyang'anya. Ninawauliza tu: kama umoja ndio uliokuwa unatafutwa, kwa nini haukuweza kuja bila ahadi ya kutokufa? Swali hilo tamthilia inaliuliza. Miongozo hailiulizi.

Kuna jambo jingine ambalo Meli anatufundisha kuhusu onyesho la mwisho la Kinjeketile. Inaaminika kuwa baada ya kunyongwa, kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani pamoja na mafuvu mengine mengi kwa ajili ya kile kilichoitwa sayansi. Mjukuu wake, Isaria Meli, alikidai kwa miaka mingi. Mwaka 2023 taasisi ya Berlin inayohifadhi mafuvu hayo ilitangaza matokeo ya vipimo vya vinasaba: mafuvu machache yalikuwa yamepatiwa ndugu, mojawapo la Akida, mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikuwamo. Ninalitaja hili kwa sababu linaonyesha kuwa dola haikutosheka na kuua mwili. Ilitaka kitu zaidi. Huku mlimani ilitaka kichwa. Kwenye tamthilia inataka ulimi.

Mnakumbuka hali ilivyo pale gerezani. Kinjeketile amefungwa, ameteswa, na njia ya kupata nafuu ameonyeshwa: akiri kuwa maji yalikuwa uongo. Kitunda, rafiki yake, mtu anayefikiri kijeshi na ambaye hakuwahi kulewa maji kama wengine, naye anamshauri akiri. Kwani si kweli? Watu wamekufa. Mtu mwaminifu atasema nini zaidi? Kinjeketile anakataa. Anahofu kwamba akitamka neno hilo, watu wa baadaye wataambiwa kuwa kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Wahakiki wetu hufurahi sana hapa, wanaandika "shujaa hasaliti mapambano", wanapiga mstari na kwenda ukurasa unaofuata. Mimi napaona ni mahali pa kutisha. Mtu huyu anajua neno lake limeua. Alikwisha kusema kuwa mtu anaweza kulizaa neno, neno likakua likamzidi aliyelizaa, likamgeukia. Bado anaamua neno hilo liendelee kuishi. Je, ni ushujaa? Pengine. Je, wajane wa wale walioanguka bomani wangeliita hivyo? Tamthilia haiwapi nafasi ya kusema.

Na kwa nini dola inalitaka neno hilo kiasi hicho? Bunduki inazo, kamba inayo. Hapa naomba tuvuke bahari kidogo. Tarehe 28 Februari 1993, karibu na mji wa Waco, Texas, maafisa wa serikali kuu ya Marekani walikwenda kuwakamata wafuasi wa David Koresh, kikundi cha dini kilichojitenga katika makazi yake, kwa tuhuma za silaha. Risasi zikarushwa, wakafa maafisa 4 na waumini 6. Kisha mzingiro ukaendelea siku 51. Ndani, Koresh alikuwa akifafanua ile mihuri saba ya Kitabu cha Ufunuo. Nje, wapatanishi wa serikali walimsikiliza kwa simu saa nyingi, na wengi wao waliyaona maneno yale kuwa porojo ya Biblia tu. Katikati ya Aprili akaandika kuwa atatoka akimaliza kuandika ufafanuzi wake wa mihuri. Serikali haikungoja. Tarehe 19 Aprili vifaru vilitoboa kuta na kuingiza gesi ya machozi, moto ukawaka, watu 76 wakafa, na watoto wengi wakiwa miongoni mwao.

Sitaki kumsafisha Koresh. Mambo aliyowafanyia wasichana wadogo mle ndani yameandikwa ya kutosha. Wala simlinganishi na mkulima wa Ngarambe aliyelazimishwa kulima pamba ya mwenziwe kwa viboko. Ninachokitazama ni umbo la makabiliano. Pande zote mbili zinangoja neno. Dola inangoja neno la kujisalimisha, kwa kuwa mtu wa dini akiuawa bila kukana, kesi haijaisha. Waumini wanangoja neno kutoka juu. Na uvumilivu ukikatika upande wowote, watu wanakufa. Waco ulikatika upande wa serikali. Katika Kinjeketile unakatika upande wa waumini: mtu wao anawaambia wasubiri, vita bado, na wao wamechoka, wana maji mikononi, wana njaa tumboni, wanaona kungoja ni woga. Historia nayo ndivyo isemavyo: wale wa Nandete waling'oa pamba kwa kuwa walichoka kungoja amri ya Ngarambe. Hussein amelifanyia kazi hilo kwa ustadi mkubwa. Kadiri Kinjeketile anavyorudi nyuma, ndivyo umati unavyosonga mbele, mpaka nabii anabaki peke yake nyuma ya dini yake mwenyewe. Mhusika huyu ni mhusika duara kweli, naye anazidi kukua kadiri anavyozidi kunyamaza.

Kiini cha shaka yake ndicho ninachokiona kuwa kipande bora kuliko vyote katika kazi nzima, na ajabu ni kwamba hakizungumzwi sana. Akiwa amepandwa, kinywa chake kinatamka kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said. Umati unashangilia pamoja na mengine yote. Baadaye, akiwa na akili zake, anayasikia maneno yale upya. Seyyid Said! Yaani wamtoe Mjerumani ili wawe chini ya Sultani wa Unguja? Hongo huyu ni Hongo gani anayewakomboa watumwa kwa kuwapeleka kwa bwana mwingine? Tuzingatie kwamba maneno hayo hayakutungwa na Hussein kutoka hewani. Masimulizi ya wazee nayo yanamtaja Seyyid Said. Wengine wangeyafuta ili nabii wa taifa abaki safi. Hussein aliyaacha, kisha akayafanya mwiba. Kwa hiyo shaka ya Kinjeketile haianzii kwenye risasi hata kidogo. Inaanzia kwenye maana. Anajiuliza kama aliyesema kwa kinywa chake alikuwa ni mungu, au ni yeye, au ni dunia iliyomzunguka iliyokwisha kumfundisha kuwa mtu lazima awe na bwana. Mtu wa dini anayelijua swali hilo ni mtu mzima. Mimi niliyelelewa na kanisa huku mlimani sijawahi kulisikia likiulizwa kwa uwazi kama huo.

Alain Ricard, Mfaransa aliyemwandikia Hussein kitabu kizima, alimtazama zaidi kama mwandishi wa mtu binafsi aliyebanwa na jamii. Nakubaliana naye nusu. Kinjeketile kweli amebanwa. Ila nusu ya pili ndiyo inayonifikisha kwenye lawama yangu kwa mwandishi, kwa maana sipendi uhakiki wa kusifu tu.

Lawama ni hii: shaka yote amepewa mtu mmoja. Nabii ana shaka, na Kitunda, kamanda, ana mashaka yake ya kijeshi. Wengine je? Umati katika tamthilia hii huamini wote kwa pamoja na kukata tamaa wote kwa pamoja, kama wimbi. Hakuna hata mmoja anayeamini kwa sababu yake mwenyewe. Waumini halisi hawako hivyo. Nenda kwenye mkutano wowote wa maombi hapa mjini: yupo aliyekuja kwa kuwa hospitali imemmalizia fedha, yupo aliyefuata mke wake, yupo aliyesema "na iwe tu, nitapoteza nini?", yupo anayecheka ndani kwa ndani huku mkono ameunyoosha juu. Ngarambe nako hawakukosa watu wa namna hiyo. Mtu aliyelimishwa pamba mpaka shamba lake la mahindi likaota magugu, ahadi kwamba risasi itageuka maji si lazima aimeze nzima. Inatosha kwake iwe afadhali kidogo kuliko kesho anayoijua. Hussein angetupa mtu mmoja tu wa namna hiyo, tusingeweza tena kusema "wajinga". Umati ukiwa wimbi, msomaji ana njia mbili tu, ama aushangilie au aucheke. Na ndivyo tulivyofanya: wa mwaka 1905 tunawashangilia, wa mwaka 2020 tunawacheka.

Askari nao. Jukwaani askari wa Mjerumani ni wahusika bapa, viboko vyenye miguu. Lakini waliozishika bunduki bomani wengi wao walikuwa Waafrika, na wao pia walikuwa na dini zao na dua zao. Fikiria onyesho ambamo askari aliye nyuma ya rasharasha anawaona watu wanakuja wima, bila kuinama, wakiita maji, maji, na kwa sekunde moja naye anaogopa kuwa huenda ni kweli. Sekunde hiyo haimo katika tamthilia. Ningeipa ukurasa mzima.

Sisemi haya kama mambo yaliyokwisha. Eneo letu limeendelea kuyazaa. Aprili 1950, huko Kolloa, Baringo, Kenya, Lukas Pkiech na wafuasi wake wa Dini ya Msambwa walikutana na kikosi cha serikali. Pkiech akauawa pamoja na wafuasi zaidi ya 20, na upande wa serikali wakafa maofisa 3 wa Kizungu na askari Mwafrika. Machi 2000 kanisa liliteketea na watu ndani yake huko Kanungu, Uganda. Mwaka 2023 msitu wa Shakahola, karibu na Malindi, ulifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofunga kula kwa agizo la mhubiri Paul Mackenzie. Katika hizi mbili za mwisho dola haikuzingira mtu; ilichelewa, na watu wakafa kimya. Kila mara magazeti huandika habari za nabii: alizaliwa wapi, alikuwa na magari mangapi. Waliomfuata huwa idadi. Fasihi ndiyo yenye kazi ya kuivunja idadi hiyo iwe watu, na Kinjeketile, pamoja na ukubwa wake, kazi hiyo imeifanya kwa mtu mmoja tu.

Kwa upande wa fani sina mengi. Lugha ni nyepesi, sentensi fupi, hakuna urembo wa bure, na hilo limeifanya tamthilia ichezeke hata na vikundi vya shule visivyo na kitu isipokuwa kanga mbili na ngoma. Matumizi ya ukimya ni mazuri kuliko matumizi ya nyimbo. Wanaolalamika kuwa mwishoni maongezi ni marefu wana haki kidogo, ila gerezani kuna nini kingine isipokuwa maongezi?

Linalobaki ni njaa. Kazi inaanza na wanawake, Bi Bobali na Bi Kitunda, wanaongea juu ya chakula ambacho hakipo, kwa sababu wanaume wako kwenye shamba la pamba. Ni mwanzo wa hali ya juu kabisa: kabla hatujamwona nabii wala bunduki, tumeona chungu kitupu. Kisha vita vinakuja, wanaume wanalijaza jukwaa, na pazia linafungwa gerezani kati ya wanaume wawili. Lakini vita vyenyewe havikufungwa gerezani. Wajerumani walipoona risasi hazitoshi walichoma mashamba na maghala ya kusini, na makadirio ya waliokufa, ambayo huanzia watu 75,000 na kufika 300,000, wengi wao ni wa njaa, na waliendelea kufa mpaka 1907 na kupita. Chungu kile cha onyesho la kwanza kilirudi kitupu kuliko kilivyokuwa. Nilipomaliza kuisoma kwa mara ya tatu nilirudi mwanzo kuwatafuta wale akina mama wawili, nikajaribu kuwapeleka mpaka mwaka 1907 kwa akili yangu mwenyewe: nani kati yao bado yu hai, anachimba mizizi gani porini, na mtoto akimwuliza baba alikwenda wapi na kile kibuyu, anamjibu nini. Onyesho hilo Hussein hakuliandika, na tangu 1969 sijaona mwandishi wetu mwingine aliyeliandika.